Kahawa Isiyoona Moto

Mjukuu wangu Neema,

Huku Oldeani hatujambo, na babu yako kapona kikohozi. Chombo ulichonitumia cha kudondosha kahawa kwa maji baridi kimefika. Unauliza kama nitaweza kungoja tone kwa tone!

Nilipokuwa kibarua kwenye shamba la kahawa, nyapara alisema kahawa si ya wachumaji. Mimi nikaokota buni zilizoanguka, nikazikaanga na kuzitwanga nyumbani kwa mama, kijijini Endamarariek. Kwenye kambi ya vibarua sikuichemsha, maana harufu ingenichongea. Niliitia kwenye kopo lenye tundu la msumari, nikamwagia maji baridi, ikadondoka kutwa nzima mvunguni.

Nyapara aliponifuma, niliinywa mbele yake nikaimaliza, ndipo akanifukuza.

Chombo chako nimekiweka dirishani, upande wa barabara. Apitaye na aone.

Bibi yako