Binti Yangu Kachagua Picha ya Kumi

Mpendwa Shangazi, naomba msaada wako, na ukitaka kucheka cheka tu, asiyeweza ni mimi. Kazi yangu ni kuzunguka shuleni kupima watoto gani wanahitaji nyaya za kunyoosha meno, napima kwa rula ndogo, kisha namwonyesha mtoto picha kumi, ya kwanza meno yamenyooka, ya kumi yamepandana ovyo, naye aonyeshe inayofanana na yake, na mamia nimewapima hivyo huku mkono mmoja umeziba mdomo wangu, maana meno yangu mwenyewe yanagombania mlango.

Juzi zamu ikafika shule ya binti yangu wa darasa la tano, meno yake yamepangika vizuri, rula haikuona kasoro, nikamtandazia picha nikitabasamu ndani ya kiganja, naye akaonyesha ya kumi. Nikamwambia, "Mwanangu, tazama vizuri." Akasema, "Nimetazama, mama. Watu wote wanasema nimefanana na wewe," kisha akaziba mdomo vilevile ninavyoziba mimi. Shangazi, mtaalamu mzima nilifuta kumi kwenye fomu yake nikaandika moja, na tangu siku hiyo mtoto hacheki, anadai nyaya, na fomu zinatakiwa keshokutwa. Je, nimwekee tu, ili mradi acheke?

Mpima Meno

Mpima Meno, pole. Nimecheka, kwa kuwa umeniruhusu. Mganga hajigangi, lakini wewe umezidi, unatembea na rula na kioo unakikimbia.

Najua hukumwambia mtoto neno baya. Hukuwa na haja, amekutazama miaka kumi. Nyaya usimwekee. Jino la pembe si dawa ya pengo, na pengo la mwanao haliko mdomoni. Wa kukaa kwenye kiti cha daktari ni wewe, ukipenda, na usipopenda basi yaache meno yako yapumue. Leo mkila, mikono yote miwili iwe mezani. Akisema la kuchekesha, cheka mpaka ya nyuma yaonekane. Utaona aibu, najua, cheka hivyo hivyo.

Na ile fomu, irudishe kumi, nyaya rula itazikataa yenyewe. Mtoto aliulizwa anajionaje, akajibu kweli, huna ruhusa ya kumsahihisha. Mwezi ukipita zitandaze tena zile picha nyumbani, ila safari hii uanze wewe. Onyesha ya kwako, kwa mkono uleule unaozibia mdomo.