Sale Lililoota Pasua

Jumamosi, mtaani Pasua. Tangu asubuhi mlima haujatoka mawinguni, na mimi sina hamu ya kutoka ndani.

Kesho ni zamu yangu kuwafundisha watoto wa Kipaimara somo la maondoleo ya dhambi. Nimefungua daftari la semina ya makatekista, na neno lenyewe lipo pale, nimeliandika kwa mwandiko wa mtu anayetaka sifa: afesis. Padri alitueleza kuwa ni Kigiriki cha Injili, na kwamba ndilo neno alilosoma Yesu kule Nazareti, wafungwa watangaziwe kufunguliwa. Anayesamehe, alisema, anafungua mlango alioushikilia mwenyewe. Nilikuwa mstari wa mbele, naitikia kwa kichwa.

Mnafiki mimi.

Wakati huo nilikuwa na mwaka wa tatu nimemnunia kaka yangu Deo. Aling'oa mibuni ya marehemu mama akapanda parachichi, wala hakuniuliza. Krismasi watu wote wanapanda kwao mlimani. Mimi nilibaki mjini nikisingizia mafua. Mafua ya miaka mitatu, jamani.

Wiki ileile ya semina, mke wake, wifi yangu Anjela, alishuka kutoka Kilema na tawi la sale mkononi, jani moja limefungwa fundo. Kwetu sale likiletwa, maneno yamekwisha. Aliyekosa ameomba, nawe unasamehe hata kama moyo bado unauma. Huchagui.

Mimi nilichagua. Sikumpa hata maji ya kunywa. Nililipokea kwa kuogopa macho ya majirani, nikamjibu:

"Mwambie nimeliona."

Anjela akaaga. Nikalichomeka sale kwenye udongo karibu na bomba. Nilitaka Deo ateseke kidogo. Niliwaza kwamba Krismasi nitapanda, nimsamehe mbele ya ukoo mzima, pombe ya mbege ikiwa mezani, waone nilivyo na moyo mkubwa.

Deo hakuifikia Krismasi. Alianguka shambani, kwenye parachichi zake, na hospitali hakufika. Tulimzika kihambani, kwenye shamba la ukoo, karibu na mama. Anjela alinipa mkono kama anavyowapa wageni. Binti yao ndiye aliyeniambia kwamba baba yake, hadi wiki ya mwisho, alikuwa akimuuliza mama yake jambo moja:

"Alisema ameliona tu?"

Naandika nalia.

Na lile sale limeota. Leo nimelitazama vizuri, limenifika magotini na lina majani mapya. Sikuwahi kulimwagilia. Limekunywa maji yanayomwagika nikijaza ndoo.

Nimempigia katekista mwenzangu anishikie zamu, maana sina uso wa kuwafundisha watoto neno hilo. Halafu nimekata tawi, nikafunga jani fundo. Kesho baada ya misa ya kwanza napanda Kilema. Deo siwezi kumwomba tena, lakini Anjela yupo, na mlango sasa ameushika yeye.

Najua desturi haimruhusu kukataa. Hata mimi haikuniruhusu.

Na akilipokea, akaniambia ameliona, nitasema nini?