Yah: Ombi la Kuwafunga Nira Gihogo na Gaju

Jumamosi, 5 Agosti 1995

Kwa shajara yangu, salamu kwa heshima. Madhumuni ya kufungua kurasa hizi ni kuweka kumbukumbu ya safari ya familia kwenda maonyesho ya Nane Nane, Biharamulo mjini, na pamoja na hilo, kutafuta namna ya kulimaliza suala la maksai wawili wa Baba. Hakuna atakayesoma isipokuwa mimi. Hata hivyo sioni sababu ya kuandika ovyo.

Suala lenyewe liko hivi. Mwaka jana mganga wa zahanati alimkataza mke wangu Leonsia kuinama na jembe. Mgongo. Tangu hapo shamba letu hapa Nyarubungo tunalilima mimi na dada yangu Akimana, aliyevuka kutoka Burundi mwaka juzi akiwa na watoto wanne. Hatukulimaliza. Mahindi yaliisha mapema, na walaji ndio kwanza wanakua.

Jirani yetu Bulugu, Msukuma aliyehamia kutoka Shinyanga, hulima kwa ng'ombe. Kazi yetu ya wiki mbili yeye huimaliza kabla jua halijawa kali. Amejitolea kutuazima nira na jembe lake la kukokotwa — bila malipo. Mungu ambariki. Maksai tunao: Gihogo na Gaju, wamenona, kazi yao kula na kulala. Ila ni mali ya Baba. Na Baba amekataa.

Baba, Mzee Matiasi, alivuka mto Ruvubu kutoka Burundi mwaka 1972 na mtamba mmoja. Hao ni wajukuu wa yule mtamba. Kwao — yaani kwetu — ng'ombe hukamuliwa, husifiwa, hutolewa mahari. Hafanyishwi kazi. Alisema hakumvusha bibi yao mto ili wao waje kufungwa mti shingoni.

Amekubali kwenda nasi mjini, kwa sharti moja: anakwenda kutazama ng'ombe wa maziwa tu.

Jumatatu, 7 Agosti

Tumefika salama. Lori la mnunuzi wa mahindi lilitubeba sote: Baba, Leonsia, binti yetu Claudia, Akimana na wanawe, na Nyamizi mke wa Bulugu, ambaye alikuja na sufuria nzima ya viazi vitamu akidai kwamba mjini watu hawapiki, wanapasha moto. Vumbi jingi. Bulugu alitangulia jana kwa miguu na ng'ombe wake. Ameteuliwa kuonyesha kilimo cha maksai mbele ya mgeni rasmi.

Tumefikia kwa binamu yake Nyamizi. Mikeka imetosha. Nashukuru.

Jumanne, 8 Agosti — NANE NANE

Sijui nianzie wapi, na si kawaida yangu.

Nianzie mabandani. Mkungu wa ndizi mrefu kuliko Claudia. Sungura weupe, ambao watoto wa Akimana walikataa kuamini kwamba wanaliwa. Mizinga ya nyuki. Soda kwa kila mtoto, Nyamizi alinunua, hakutaka kusikia neno. Bendi ya shule ikipiga, spika zikikoroma.

Kisha ng'ombe wa kisasa. Mweusi kwa mweupe, kiwele kama ndoo. Bwana mifugo alieleza lita anazotoa. Baba alisikiliza hadi mwisho, akamzunguka yule ng'ombe mara moja, akauliza:

"Nani amemwibia pembe?"

Bwana mifugo alieleza kwamba hukatwa kwa ajili ya usalama. Baba akasema kwa Kirundi kwamba hata yeye ana meno lakini hajawahi kumng'ata mtu. Sikutafsiri.

Saa sita walitangaza kilimo cha maksai. Kiwanja kilikuwa kimemwagiwa maji tangu jana ili udongo ulainike. Bulugu aliingia na shati jeupe, nyuma ya Redio na Tajiri — ndiyo majina ya ng'ombe wake. Mfereji ulionyooka kama mstari wa daftari. Watu wakapiga makofi. Leonsia hakupiga. Alisogea, akainama kwa taabu, akaokota bonge la udongo uliopinduliwa, akalinusa.

"Baba Claudia," akaniambia, "hata mimi ningeweza kutembea nyuma ya hii."

Nilimgeukia Baba. Alikuwa anaangalia upande wa ng'ombe wa maziwa.

Hapo spika ikakaribisha mkulima yeyote ajaribu. Bulugu akapaza sauti: "Karani, njoo ushike!" Huniita Karani kwa sababu mimi ndiye ninayewaandikia watu wa kijiji barua za maombi. Nilivua koti, nikampa Akimana. Nikashika. Nikasema, "Haya, naomba tuanze." Hawakusogea. Bulugu akapiga mluzi — wakaondoka kwa nguvu. Nikasema kulia, tafadhalini, kidogo kulia. Wakaenda kushoto. Wakaingia tuta la kabichi za maonyesho.

"Karani, hao hawajafika hata darasa la kwanza! Waite majina!"

Nikaita Redio. Redio akasimama, kabichi mdomoni.

Umati wote ulicheka. Naweka kumbukumbu kwamba Akimana alicheka hadi akakaa chini na koti langu usoni. Tangu avuke mpaka sikuwa nimemsikia akicheka. Mwenye kabichi alinisamehe. Namshukuru, lakini hata angenidai, ningelipa kwa furaha.

Watu wakiwa bado wanacheka, Baba aliingia kiwanjani na fimbo yake. Hakunitazama. Alikwenda moja kwa moja kwa Redio, akaingiza mkono chini ya nira, akapapasa shingo yote. Akaenda kwa Tajiri, vivyo hivyo.

"Shikamoo mzee," Bulugu akasema.

"Marahaba. Huyu mbona anaitwa Redio?"

"Hanyamazi, mzee. Usiku kucha."

"Na huyu?"

"Tajiri. Bati za nyumba yangu zote amenunua yeye."

Baba akapapasa tena. "Kidonda kiko wapi?"

"Hakuna. Akipata kidonda, mzee, halimi. Nalima mimi."

"Jioni unamwimbia?"

"Namwimbia. Kisukuma."

"Basi anavumilia mengi," Baba akasema, akatoka kiwanjani.

Bulugu alicheka hadi akashika pembe ya Tajiri asianguke. Mimi sikucheka. Nilikuwa natazama mkono wa Baba. Alikuwa anaunusa.

Jumatano, 9 Agosti

Tumerudi. Watoto walilala juu ya magunia njia nzima. Baba alipofika alikwenda zizini kabla ya kunywa maji.

Ijumaa, 11 Agosti

Nimeazima nira kwa Bulugu, nimeiegemeza kwenye ua wa zizi ili Baba aizoee. Nilidhani ataitupa. Ameipita mara kadhaa. Mara moja aliisukuma kwa fimbo, kama mtu anayemjaribu nyoka kama amekufa.

Jioni nilimkumbusha kwamba mvua za vuli haziko mbali. Nilimtajia mgongo wa Leonsia, nikamtajia watoto wa Akimana. Alijibu taratibu. Alisema: Bulugu alipotaka kiwanja, ulimwandikia. Mama Ndayisaba aliponyimwa urithi, ulimwandikia. Serikali unaiandikia kwa heshima zote. "Mimi unakuja kuniambia nikiwa nakula."

Ni kweli. Nimeona aibu.

Jumapili, 13 Agosti

Baada ya misa nimeketi kuandika ombi. Nimeandika kwa Kirundi ili alisikie lote mwenyewe. Kuna maneno ya ofisi ambayo Kirundi changu hakina, nikayaacha. Nakala yake kwa Kiswahili ni hii:

"Kwa Mzee Matiasi, mwenye Gihogo na Gaju. Mimi mwanao Celestini nakuletea ombi. Nakushukuru kwa mtamba uliyemvusha mto, maana tulikunywa maziwa yake tulipokuwa hatuna nchi. Wajukuu wake hawatapigwa. Hawatafanya kazi jua kali. Atakayepata kidonda atapumzika, nami nitashika jembe la mkono mahali pake. Jioni utawaimbia wewe mwenyewe, kama kawaida."

Nimekwenda nalo zizini, nimevaa koti. Baba ameketi kwenye kigoda, nira iko magotini mwake. Pembeni ana kibuyu cha samli. Anapaka mbao upande wa chini, pale panapogusa shingo, kwa kidole gumba, polepole, kila panapokwaruza. Gihogo amesimama nyuma yake analamba bega lake.

Nimesoma lote nikiwa nimesimama. Hakuinua kichwa. Nilipomaliza alisema sikio lake la kushoto ni bovu, nisogee upande wa pili nisome tena, tena nisiharakishe.

Nimeomba nafasi ya kurekebisha mwisho. Naandika haya nimeegemeza daftari kwenye ua wa zizi, yeye ananingoja, bado anapaka. Mwisho wa awali ulikuwa mrefu, wenye taadhima nyingi. Nimeufuta. Sasa unasomeka hivi:

Baba, naomba uamuzi wako.