Nani Aliamsha Pampu?

Jumapili, Likasi. Mvua ilianza kabla ya misa ya kwanza na mpaka sasa haijachoka. Mimi ndiye niliyechoka.

Ninaandika nikiwa nimekaa kitandani, miguu imelowa, na kichwani hamna hata wazo moja lililonyooka. Mtu akiniuliza jina langu leo, nitamwomba kwanza anipe muda. Kesho asubuhi bosi anataka kusikia kutoka kwangu kama Papa Mwansa abaki kazini au aende zake, na tangu Alhamisi nimekuwa nikizunguka kama kuku aliyefungwa mguu.

Nianze mwanzo, maana hata mimi nahitaji kuisikia habari hii vizuri.

Kampuni yetu ni ndogo. Tuna kisima kirefu kando ya barabara ya kwenda Kambove, na pampu inayosukuma maji hadi kwenye tangi la mlimani. Kutoka huko yanashuka kwenye mabomba ya mtaa na ya nyumba ya uzazi. Kazi yangu ni kuiangalia pampu hiyo bila kuwa pale. Kuna modemu, kisanduku kidogo chenye kadi ya simu ndani kama simu ya mtu yeyote, ila chenyewe hakipigi umbea. Kinatuma habari za tangi kwenye kompyuta yangu. Nikitaka pampu iwake, nakitumia ujumbe mfupi kwa simu yangu, nacho kinaiwasha na kunijibu. Nikiwa sokoni nachagua samaki wa chumvi naweza kuwapa watu maji. Mama yangu aliwahi kuniuliza kama hiyo ni kazi au ni uchawi, na siku hizi sina hakika ya jibu.

Papa Mwansa ndiye mlinzi wa pale. Alizeekea kwenye viwanda vya shaba, na alikuwa jirani yetu tangu sijaota meno. Ukimwambia asimame hapa, ukirudi jioni utamkuta amesimama hapa.

Sasa, huku kwetu waya wa shaba haulali nje. Antena ya modemu tuliiweka juu ya mlingoti, waya wake ukaibwa. Tukaweka mwingine, nao ukaibwa. Bosi akaita mchomeleaji, akatujengea nyumba ya chuma juu ya pampu na vyombo vyake vyote: mabati mazito kila upande, paa la chuma, mlango wa chuma, kufuli kubwa kama kichwa cha mtoto. Sisi watu wa hapa kitu tukikipenda tunakichomelea. Antena nikaiingiza ndani, nikaibandika kwenye dari kwa sumaku yake. Bosi akapiga picha. Papa Mwansa akapewa ufunguo na amri moja, kwamba mlango ule usikae wazi hata kidogo.

Tangu siku hiyo modemu ikawa kama mtu aliyerogwa.

Ujumbe mmoja unafika, mwingine haufiki. Siku moja kompyuta iliniambia tangi limejaa, na wakati huohuo akina mama wa mtaani walikuwa wakipiga ngoma madumu matupu. Baadaye nikaelewa kwamba kompyuta ikikosa habari mpya inaacha ile ya zamani hapohapo, kwa rangi ya kijani, kana kwamba ni ya sasa. Mimi nikaona kijani, nikanywa chai yangu. Wazee walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini mimi kimya nilikiita amani.

Nilikwenda kukagua, na kukagua tena. Kila nikifika, Papa Mwansa ananifungulia, natazama: taa ya modemu kijani, mtandao umejaa. Natuma ujumbe wa kujaribu, inajibu kabla sijashusha simu. Nafunga, narudi nyumbani nikiwatukana watu wa kampuni ya simu. Kesho yake ni yaleyale. Umewahi kumpeleka mtoto mwenye homa kwa daktari, mkafika pale akaanza kucheza? Ndivyo ilivyokuwa.

Halafu ikaja Alhamisi.

Asubuhi nilituma ujumbe wa kuwasha pampu. Kimya. Nikakasirika, nikaitupa simu kitandani. Baadaye nikampigia Papa Mwansa nikamwambia aiache tu pampu ipumzike, kwa vile mchana Donat atakuja kubadilisha mkanda wake. Donat ni fundi wetu. Ananiita yaya, yaani mkubwa wake wa kuzaliwa, ingawa hatuna undugu, na mikono yake haijawahi kuwa na rangi nyingine zaidi ya grisi.

Donat akaja. Papa Mwansa akafungua mlango, akasimama karibu na kabati la umeme kusubiri kama atahitajika. Donat akaondoa kifuniko cha mkanda, akaingiza mkono.

Pampu ikawaka.

Vidole viwili vilivunjika. Daktari anasema atavikunja tena, labda si mpaka mwisho. Nilipomwona hospitalini nilitaka kulia nikashindwa, nikaishia kumgombeza. Nilimuuliza kwa nini hakukata umeme kwanza. Akanitazama kama nimemuuliza kwa nini hakuisalimia pampu.

"Yaya, pampu ilikuwa inalala."

Na kweli, hivyo ndivyo tunavyofanya kazi sote. Pampu iliyolala tunaihesabu imekufa. Nani akate umeme wa kitu kilicholala? Mimi mwenyewe nimeshaingiza mkono mle zaidi ya mara moja, nikiimba.

Basi swali likabaki moja: nani aliiamsha? Aliyekuwa karibu na kitufe cha kuwashia, pale kwenye kabati, ni mtu mmoja tu. Donat hakumwona akikibonyeza, lakini alisema kama si mzee ni nani. Bosi akasema mzee alisinzia, akaegemea kabati. Mtaa mzima ukachukua neno: lisemwalo lipo. Papa Mwansa mwanzoni alikataa. Aliwaambia mkono mmoja ulikuwa na ufunguo, mwingine ulikuwa na kofia, na Mungu hakumpa wa tatu. Watu wakacheka, wakaendelea kusema. Ijumaa jioni akawa hakatai tena. Alikaa tu akitazama vidole vyake. Bosi akamnyang'anya ufunguo akanipa mimi, akasema nichunguze, niseme Jumatatu.

Jana nilichunguza. Kitufe ni kigumu, hukibonyezi kwa kuegemea. Nyaya hazigusani. Hakuna panya, hakuna maji, hakuna kilichoungua. Taa kijani, mtandao umejaa, kila kitu kinanicheka. Nilimshuku mwizi, nikaishuku kampuni ya simu, na kwa dakika moja, Mungu anisamehe, nikamshuku Donat mwenyewe. Nikarudi nyumbani na kichwa kama gunia la makaa.

Leo baada ya misa miguu ikanipeleka tena kule. Usiniulize kwa nini. Pengine ni ule ufunguo, ulikuwa mzito mfukoni. Nilikuwa nikiongea na dada yangu aliye Kolwezi, nikimlalamikia haya haya, mvua ilipozidi. Nikaingia kwenye nyumba ya chuma na, ili maji yasirukie kabati la umeme, nikauvuta mlango nyuma yangu.

Sauti ya dada ikakatika.

Nikaita "Allô, allô", nikasikia mvua tu ikitwanga paa. Nikasema betri yake imeisha, ndiyo tabia yake. Nikawa nimesimama gizani, sina la kufanya, nikaitazama modemu. Taa ilikuwa nyekundu.

Sijawahi kuiona nyekundu. Wiki zote hizi, kila nikiitazama ni kijani. Nikasogea karibu. Nyekundu kabisa, inapepesa. Nikasukuma mlango ili nipate mwanga niione vizuri, na nikiwa bado nimeinama, mvua inaniingia mgongoni, ikageuka kijani.

Hapo simu yangu ikaanza kulia mfukoni. Ujumbe wa dada, mfululizo, umeingia wote pamoja: Uko wapi? Unanisikia? Umekufa?

Sikumjibu. Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mlango wazi, nikilowa. Ujumbe wa dada ulikuwa haujafa. Ulikuwa umesimama nje, unasubiri mlango ufunguliwe, kama watu wanavyosubiri mbele ya ofisi. Kwenye chuma kile mtandao hauingii mlango ukiwa umefungwa; ule ujumbe uliokuwa ukifika ulipita mlango ulipofunguliwa. Na mimi kila nikija kukagua, cha kwanza nafungua mlango. Kwa hiyo ugonjwa sikuuona hata mara moja, kwa sababu niliuponya kabla ya kuutazama.

Na ule ujumbe wangu wa Alhamisi asubuhi, ule niliodhani umepotea?

Nilikata umeme wa pampu, nikaacha wa modemu tu. Nikaandika ujumbe wa kuwasha, nikautuma nikiwa nje, mlango umefungwa kwa kufuli. Nikasubiri kwenye mvua kama mwehu. Nikafungua. Taa nyekundu, kisha kijani, kisha kitambo kidogo, kisha ndani ya kabati swichi ikalia, tak. Modemu ilikuwa imetii. Nikarudia, maana sikutaka kuamini. Tak.

Alhamisi ilikuwa hivyo hivyo. Ujumbe ulisubiri tangu asubuhi. Papa Mwansa alipofungua, ukaingia naye mlangoni, na modemu ikafanya ilichoambiwa. Haikujua kwamba amri ni ya zamani. Haikujua kwamba ndani ya mkanda kuna mkono wa mtu.

Aliyeamsha pampu ni mimi.

Na hapa ndipo ninapochanganyikiwa zaidi, si pungufu. Papa Mwansa angekuwa mlinzi mvivu, wa kuacha mlango wazi apate upepo, ujumbe wangu ungefika kwa wakati wake, pampu ingewaka asubuhi na kuzimika tangi likijaa, na Donat angekuwa na vidole vyake. Utiifu wake ndio uliomponza. Hilo nitalielezaje mbele ya watu bila kuonekana nina wazimu?

Nilikwenda nyumbani kwake moja kwa moja, nikiwa nimelowa chapachapa. Mke wake alinipa kiti na kitenge cha kujifuta. Nikamweleza mzee yote, ujumbe, chuma, mlango, taa. Alinisikiliza, kofia juu ya goti. Nilitegemea hasira. Ningeipokea hasira kwa mikono miwili.

"Mwana, minye nilishaamini asema ni minye niliamsha pampu," alisema. "Bantu bote banasema vile, hata mu familia. Nikawaza, pengine uzee njo huu, muntu anafinya kintu na hajue. Jana nilienda kuungama ku padri."

Nikamuuliza aliungama nini. Nilijua, lakini nikauliza.

"Asema nilivunja vidole ya mutoto ya bantu, kisha nikabongopa."

Uongo anaousema ni kule kukataa kwake kwa mwanzo. Padri alimpa rozari nzima, ya kusali amepiga magoti. Akaisali yote, na magoti yale nayajua, ndiyo yaliyomtoa kiwandani. Na leo asubuhi kwenye misa nilikuwa nyuma yake kwenye mstari wa komunyo. Nilimtazama mgongo, nikasema moyoni, maskini mzee wa watu, Mungu amrehemu. Nikapokea, nikarudi kukaa, nikiwa msafi kama sahani.

Nimeona aibu ambayo sijawahi kuiona.

Ya chuma nayajua. Antena itarudi nje, juu kabisa, waya wake ndani ya bomba, na ukiibwa basi uibwe, tutaweka mwingine. Kompyuta ikikosa habari itasema haina habari, isinipakie rangi ya kijani. Amri ikichelewa itupwe, isitekelezwe. Na mtu akiingiza mkono kwenye pampu, umeme ukatwe, swichi ifungwe kwa kufuli, na ufunguo ulale mfukoni mwake yeye mwenye mkono. Hayo nitayasema kesho kabla bosi hajavuta kiti, na nitaanza na jina langu. Akitaka kumfukuza mtu, ajue wa kumfukuza. Naogopa, sitaficha. Lakini mficha uchi hazai.

Lingine ndilo silijui.

Papa Mwansa alinisindikiza hadi barabarani na mwavuli wake, ameuelekeza wote upande wangu, yeye bega zima nje. Nilimrudishia ufunguo hapohapo, bila kumsubiri bosi. Aliupokea, akauliza kwa sauti ya chini kabisa:

"Sasa mwana, nirudie kule ku padri? Nimwambie asema nilimubongopea mu maungamo?"

Nilimwambia asiende, nitatangulia mimi. Aliitikia kwa kichwa, akashukuru. Akanishukuru mimi.

Basi kesho, nikitoka kwa bosi, nitapitia kanisani. Nimeshawaza jinsi nitakavyopiga magoti, na mpaka hapo naona njia. Baada ya hapo sioni. Nitaanzaje kumwambia padri kwamba dhambi niliyomletea ameshaisamehe tangu Jumamosi, ila kwa mtu mwingine?