Msumari Ndani ya Mrututu

Jumanne, 20 Oktoba 1981

Sikukuu, hakuna shule. Nimesoma kemia jikoni nikimenya viazi. Mwalimu Nalianya hutufundisha kwa Kiingereza, mimi hujifasiria. Kuungana — viwili vinakuwa kimoja. Kuachana — kimoja kinavunjika, mara nyingi kwa moto. Kufukuzana — chenye nguvu kinamtoa mnyonge kwenye nafasi yake. Kubadilishana — jozi mbili zinabadilishana wenzi. Kuungua — hii kila mama wa mtaa wetu wa Makadara anaijua! Mtihani wa maabara ni Jumatano ya wiki ijayo. Nikipita naomba chuo cha wauguzi.

Jioni Baba mdogo Matheka, aliyenilea tangu Baba afe, kaniita sebuleni. Jumamosi watu wa Mbithi wanaleta mbuzi wa ntheo, wa kufungia ndoa. Mbuzi watatu! Wakishapokelewa mimi ni mke wa mtu, hakuna wa kutengua. Jumapili napelekwa Kitui kwa mama mkwe. Nikauliza, na mtihani? Kasema cheti hakipiki wala hakizai.

Mbithi ni dereva wa lori. Nimemwona mara mbili. Si mtu mbaya. Simtaki.

Alhamisi, 22 Oktoba

Mama mdogo Kanyiva kachukua sare yangu jana, eti anaifua. Siku mbili haijakauka, na jua hili! Nikienda hata dukani, lazima niandamane na Ndanu, binti yao wa miaka tisa. Hakuna aliyefunga mlango. Nimefungwa tu.

Ijumaa, 23 Oktoba

Mwalimu alinipa mrututu kidogo wiki jana, ile chumvi ya buluu ya kunyunyizia mimea ya kahawa. Niliikoroga kwenye glasi ya maji, nikatumbukiza msumari, nikaisukuma chini ya kitanda. Jioni msumari umevaa wekundu. Ni shaba! Chuma kimeifukuza majini, kikaingia chenyewe. Nilicheka peke yangu, halafu nikalia.

Jumamosi, 24 Oktoba

Wamekuja. Mbuzi wamefungwa kwenye bomba uani, mmoja anatafuna kanga ya jirani. Bado hawajapokelewa, kwanza chai.

Shangazi yake Mbithi, Nzembi, aliingia chumbani kwangu kuweka kikapu chini ya kitanda. Akatoka na glasi, kaishika kwa leso. Maji yamepauka, msumari mwekundu, vipande vinamomonyoka chini kama damu iliyoganda. Akaiweka mezani katikati ya wazee.

"Binti, msumari huu umempigia nani?"

Mbithi alisogeza kiti nyuma, dume zima. Shangazi akasema kama hii ni kazi ya mganga, mbuzi wanapanda pikapu sasa hivi.

Nilifungua mdomo niseme kemia. Nikaufunga. Nikieleza, mimi ni mke. Nikinyamaza, mimi ni mchawi — na jina hilo halikai kwangu tu, litamfuata Ndanu mpaka siku yake ya kuposwa. Lakini Jumatano nitakuwa maabara! Nikainamisha kichwa. Mungu anisamehe, niliinamisha kichwa.

Wamenirudisha chumbani, ndimo ninamoandika. Mama mdogo analia jikoni. Naona aibu. Na chini ya aibu, raha.

Lakini Baba mdogo ni karani wa korti, hajui kuhukumu bila shahidi. Amewaambia wageni wasiondoke. Hakulea mchawi. Vitu hivi ni vya shule, anaenda mwenyewe kumleta mwalimu wangu aseme mbele yao. Alipopita mlangoni kwangu alisimama.

"Nthambi, usiogope. Jina lako nitalisafisha."

Sijawahi kumwona hivyo. Ningeweza kumchukia vizuri zaidi kama asingesema hivyo.

Saa nane na nusu. Wamefika. Mwalimu anawasalimu wazee mmoja mmoja. Sasa anacheka — anawaambia huyu ndiye mwanafunzi wake bora, wapi hiyo glasi. Miaka minne sijawahi kuomba mwalimu asahau somo.

Ameanza. Anaeleza polepole, hata shangazi anaitikia. Anaeleza vizuri sana.