Kambale wa Hombolo na Bajaji ya Mzee Elia

Jumapili. Baridi ya Juni, upepo unatujaza vumbi mpaka kwenye meno, na Dodoma nzima hakuna mvuvi wa kunifikia. Sijisifu, natoa taarifa. Samaki wa bwawa la Hombolo wakisikia nimefika wanapanga foleni, na wakubwa wanawasukuma wadogo pembeni.

Wanaosema Mgogo anajua ng'ombe tu, waje waniangalie. Shule niliiacha kidato cha pili, hesabu na mimi tulishindwana tabia, lakini kwenye ndoano nina shahada.

Asubuhi nilikwenda Hombolo na Daudi, rafiki yangu tangu tunachunga mbuzi. Safari ilikuwa na sababu. Mzee Elia, jirani yetu, kanunua bajaji mpya na anatafuta kijana wa kuiendesha. Tunaitaka wote wawili. Basi tukakubaliana tushindane kiume: kila mtu ampelekee mzee samaki wake, mzee achague, na atakayekosa asinune.

Nikachomeka kipande cha sabuni ya kufulia kwenye ndoano. Ndiyo, sabuni. Kambale anaipenda kama mimi ninavyopenda chipsi mayai. Mara kamba ikavutwa, nami nikavutwa nayo, maji yakanifika kiunoni. Daudi akanidaka mkanda wa suruali. Tukawa tunavutana watatu: samaki, mimi, Daudi.

Tulipomtoa tulikaa kwenye tope tukicheka kama wehu. Kambale mrefu kama mguu wangu, sharubu ndefu kuliko za babu.

Daudi yeye alipata perege, vijisamaki vya saizi ya kandambili. Nilimtania mpaka akachoka.

"Hao unawapeleka kwa mzee au kwa paka wake?"

Akacheka tu. "Kaka, wewe bajaji umeshaiwasha. Mpelekee huyo huyo."

Kambale hafi upesi. Nilipommwaga kutoka kwenye kiroba, uani kwa Mzee Elia, alikuwa bado anajinyonganyonga. Kuku wakatawanyika. Nikasimama kifua mbele kama mkuu wa mkoa anazindua kisima.

"Shikamoo mzee. Zawadi yako hiyo."

"Marahaba, mwanangu." Akamtazama samaki, akanitazama mimi. "Huyu ana magamba?"

"Hana hata moja, mzee! Ngozi laini kabisa!"

Niliitamka hiyo kwa fahari, jamani. Kwa fahari!

"Sisi ni Wasabato," akasema taratibu. "Samaki asiye na magamba hatumli."

Kwamba hawali nguruwe nilijua, nani asiyejua? Ya samaki sikuwahi kuisikia. Kwetu tunakula chochote kisichotuwahi sisi.

Lakini Daudi alijua.

Msimu uliopita alimchumia mzee zabibu zake kule Makutupora, akilala kwao, akila mezani kwao. Perege wake wenye magamba yanayong'aa walipokelewa na mama mwenye nyumba kwa mikono miwili. Funguo akakabidhiwa hapo hapo, na mimi nimepiga magoti namrudisha kambale kwenye kiroba huku ananipiga mkia.

Nje ya geti nikamuuliza, "Ulijua?"

"Hukuniuliza, kaka."

Hakunitazama. Alikuwa anazungusha funguo kidoleni.

Ningempiga, lakini nilikuwa nimekumbatia samaki.

Nyumbani, mama yangu kamkaanga kambale, majirani wamekuja, wamelamba vidole. Walipouliza habari za bajaji nimewaambia magurudumu matatu hayanitoshi, mimi nangoja lori. Wakacheka. Nikacheka kuliko wao.

Hapa kwenye daftari hakuna wa kumchekesha, acha niseme ukweli. Bajaji inauma, ila zitakuja nyingine. Hata aibu ya pale uani itaisha, mimi aibu hainikai.

Kilichoharibika kweli ni kimoja. Leo nimevua samaki mkubwa kuliko wote maishani mwangu, na mtu pekee ninayetamani kukaa naye sasa hivi, tusimuliane upya kambale alivyotuburuta, tuongeze chumvi, tucheke mpaka tushike mbavu, ni Daudi.