Mzigo Nilioandika Jina Langu

Kanyenye, Tabora
Alhamisi, 12 Juni 2025

Mpendwa Dada Levina,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kifua cha Shemeji Amon kimetulia tangu mmalize kufunga marobota ya tumbaku. Mimi mwili haujambo, cherehani inakwenda, nina sare za kwaya za kushona hadi mwisho wa mwezi. Asali uliyompa Damas ilifika salama. Nimemkabidhi yeye barua hii kwa kuwa kesho anarudi Ipole. Kwa simu nisingeweza: ungekata katikati, nami ningeshukuru umekata.

Tangu Adriano aende Kanada, simu zake zikifika huko kwenu hukatikakatika, kwa hiyo huandika marefu kwenye ile barua pepe niliyokufungulia katika simu yangu, kwa kuwa yako ya vitufe haiwezi, nami nakupigia na kukusomea kila Jumapili baada ya ibada. Watu wanakusifu kwa kuwa na mwana asiyesahau. Hawaulizi msomaji ni nani. Dada, niseme tu, nimekuwa nikikuonea wivu. Miaka sita ya sekondari alilala kwangu. Mashati yake nilifua mimi, malaria ikimshika nilimuuguza mimi, na kila barua inaanza "Mama mpendwa", halafu chini kabisa, "msalimie Mama Mdogo". Nilijifariji kwamba kuzaa si kazi, kazi kulea. Faraja hiyo haikufika mbali.

Wiki mbili zilizopita uliingia ujumbe wa watu waliojiita kampuni ya kusafirisha vifurushi. Walisema mzigo umekwama kwa sababu anwani haijakamilika, nibonyeze mahali fulani na kuthibitisha ndani ya saa ishirini na nne, la sivyo utarudi ulikotoka. Nikajua Adriano amekutumia kitu. Nikawaza koti zuri, nikakuona umelivaa kanisani, moyo ukanichoma. Nikabonyeza. Wakauliza jina la mpokeaji, namba ya simu, barua pepe na neno lake la siri. Nilijaza vyote.

Kesho yake barua pepe ikakataa kufunguka. Nikamkimbilia Zamda, jirani yangu mwenye duka la kuchapa na kutoa kopi, nikamsimulia. "Dada Recheli," akasema, "mzigo gani huo unaotaka neno lako la siri?" Alinieleza kwamba wezi hutawanya ujumbe huo huo kwa maelfu ya watu, wakijua hakosi mmoja anayengoja kitu. Hawakutaji jina, wanakuharakisha, na ukiiangalia vizuri anwani yao hailingani na kampuni wanayoitaja. Ujumbe wa namna hiyo haubonyezwi. Unakwenda ofisini kwao, au unapiga namba unayoijua, au unamuuliza yule unayedhani ametuma.

Hilo la mwisho ndilo lililoniumiza. Ningemuuliza Adriano, angesema hajatuma kitu, yakaisha. Sikumuuliza kwa sababu niliogopa angejibu kwamba mzigo ni wa mama yake. Pale penye jina la mpokeaji, Dada, niliandika Recheli.

Wezi hawakulala. Walimwandikia kwa jina lako kwamba umelazwa, atume fedha haraka. Bahati nzuri alinipigia kwanza, nikamwambia asitume chochote, wewe ni mzima. Zamda amehangaika siku nne na barua pepe ile, imeshindikana kurudi. Lakini haya yote ni madogo. Alipotulia, Adriano aliniuliza, "Mama alisemaje kuhusu mtoto?"

Kila Jumapili unaniuliza kama mkweo amejifungua, nami nakujibu bado. Amejifungua, Dada. Amejifungua tangu tarehe tisa Mei. Barua iliingia nikiwa kwenye cherehani, nikaisoma peke yangu, nikazima simu. Jumapili yake nikakuambia Adriano hajaandika, ana kazi nyingi. Ukaniambia tuzidi kumwombea, nikaitika amina.

Nilimjibu Adriano kwamba ulilia kwa furaha. Niliyelia ni mimi, na haikuwa furaha.

Jumapili hii atakupigia mwenyewe saa nane mchana, amesema atajaribu mpaka akupate. Anaamini unajua. Ukitaka kumwambia nilichofanya, mwambie, sitakulaumu. Ukitaka kutafuta msomaji mwingine, Mwalimu Gerson yuko jirani nawe na simu ya kufungulia barua pepe anayo. Ila sikutaka habari hii uisikie kwa njia ya kushtukizwa, ukakosa la kumjibu mwanao.

Barua yenyewe siwezi kukusomea tena, imekwenda na wezi. Nakumbuka kwamba mama na mtoto ni wazima, na mtoto ana nywele nyingi. Nakumbuka pia kwamba, kabla ya kutaja jina lake, Adriano aliandika hivi: "Mama Mdogo, hapa soma taratibu, Mama asikie vizuri."

Nasoma taratibu. Ni binti. Anaitwa Levina.

Nisalimie Shemeji Amon na wote wa nyumbani. Sikuombi unijibu upesi.

Ni mimi mdogo wako,
Recheli